Kituo cha Kupumzikia

Burulcha alikuwa amepakata beseni la maandazi ya boorsok tangu basi dogo litoke sokoni Naryn. Mzee mmoja mwenye kofia ndefu ya sufu, aliyekaa naye kiti kimoja, akashindwa kuvumilia.

"Harusi ya nani, mwanangu?"

"Si harusi, mzee wangu. Ni kituo chetu cha vijana. Wageni wanakuja kuona watoto wanavyopumzika baada ya shule."

"Wanapumzikaje?"

"Wanawachezea wageni ngoma. Tumefanya mazoezi mwezi mzima, hadi giza linaingia."

"Kumbe. Mjukuu wangu Nurzada akirudi kutoka huko analala na viatu. Nikadhani ni uchovu wa mpira."

"Mpira tumeufungia stoo, wasije wakachafua zulia." Burulcha hakuona kosa hapo, mgeni kwanza, mengine baadaye.

"Na wageni wakiondoka?"

"Wakifurahi, watatuletea wengine."

Basi liliposimama langoni, watoto wakadhani wageni wamefika, wakaanza kuimba. Msichana mwenye sinia la mkate wa kukaribishia wageni akalisogeza hadi mlango wa basi, akatabasamu kama alivyofundishwa, akasema anafurahi sana hapa, bila kutazama anamwambia nani.

Mzee akamega kipande, maana mkate haukataliwi.

"Huyu ndiye Nurzada," akamwambia Burulcha. "Mwezi mzima sijamwona akiwa macho."