Kabla ya Usaili wa Binti wa Fundi Sofa

Kijiwe chetu ni kiti kirefu cha basi bovu, kimeegemea ukuta wa duka la vioo. Fundi Sofa ndiye aliyekivalisha ngozi mpya, kwa hiyo hakuna anayemwambia asogee. Asubuhi hiyo alikuja na bintiye wa miaka mitano, viatu vinang'aa, na Fundi mwenyewe kukaa hawezi. Anakaa, anasimama, anachungulia barabara. Saa nne anampeleka mtoto kwenye usaili wa shule nyingine. Anakosoma sasa hawakaririshwi. Mtoto anachagua mwenyewe ashike nini, mwalimu anamfuata hapo hapo. Mkewe anaipenda shule hiyo. Fundi anaiogopa, na woga wake ukatuingia sote.

Fundi Sofa: Mwaka mzima, jamani. Namuuliza leo umesoma nini, ananijibu, maji.

Profesa, tunayemwita hivyo kwa ajili ya miwani tu: Maji ni somo, ndugu yangu. Wahenga walishasema, mtoto akililia wembe, mpe. Ndiyo elimu yenyewe hiyo.

Kocha, ambaye hajawahi kuwa na timu: Na akijikata?

Profesa: Atakuwa amesoma damu.

Kocha: Upuuzi. Samaki mkunje angali mbichi. Mimi ningewakunja alfajiri, kabla ya uji.

Babu Buli, muuza kahawa: Mwana hutazama kisogo cha nina. Mwalimu awape mgongo, basi. Shule zote zinakosea kuwatazama watoto usoni.

Mtoto alikuwa amechuchumaa kando ya ndoo ya kuoshea vikombe. Anamimina maji kutoka kikombe hiki kwenda kile, anarudisha, midomo inacheza.

Fundi Sofa: Wewe, acha vikombe vya babu.

Akamnyang'anya, akamfuta mikono, akamsimamisha mbele yetu. Kocha akasema tumpime wenyewe, tujue mapema.

Kocha: Mama, tano na mbili ngapi?

Mtoto akaitazama ndoo.

Profesa: Unamtisha. Mtoto mzuri, wewe ungependa uulizwe nini?

Mkono wa mtoto ukaenda tena kwenye kikombe. Baba mtu akavikusanya vyote, akavipanga juu ya ukuta. Mimi nikaivuta ndoo mbali, nikajiona nimesaidia.

Fundi Sofa: Mnaona? Mwenzake wa jirani anasoma hadi vibao vya maduka. Huyu wangu ataniaibisha, wallahi.

Kocha: Bakora wiki moja tu.

Profesa: Shida hajachagua vya kutosha. Achague na mwalimu mkuu. Achague na wazazi.

Fundi Sofa: Wazazi?

Profesa: Sasa kama hakujibu, labda wewe si chaguo lake.

Hapo hakuna aliyecheka. Fundi akasimama, akakaa, akasimama tena.

Babu Buli: Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Na ulimwengu hauna usaili. Muache barabarani.

Dada mmoja wa saluni ya ng'ambo ya barabara akaja kutafuta kahawa. Akaona vikombe juu ya ukuta, akamwona mtoto na gauni lililolowa.

Dada: Alikuwa anacheza nini na vikombe?

Kocha: Maji.

Dada: Maji nayaona. Nauliza alikuwa anafanya nini.

Tukatazamana. Profesa akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Babu Buli akamwangalia Fundi, Fundi akaniangalia mimi.

Kocha: Fundi, saa nne hiyo.

Fundi hakuondoka. Alishusha vikombe viwili, akairudisha ndoo, akapiga magoti kwenye vumbi na suruali yake ya kutokea.

Fundi Sofa: Mama, ulikuwa unafanya nini? Nionyeshe baba.

Mtoto akavitazama vikombe, akamtazama babaye, akaificha mikono mgongoni.

– Sirudii tena, baba.