Mama Laure Kabemba, Aliyezuia Changarawe

Mama Laure Kabemba ametumikia Kampuni ya Usafirishaji Mapinda miaka thelathini na mmoja, na tarehe 30 Juni mwaka huu wa 2025 atakabidhi funguo za kituo chetu cha Kolwezi. Wengi wetu tulidhani funguo hizo zimeota mkononi mwake.

Alizaliwa Tenke, binti wa mtu wa reli, na labda ndiyo sababu hapendi kitu chochote kiondoke kabla ya ishara. Alianza kwetu kama mpiga chapa. Wakati huo mashine ya kuandikia ilikuwa moja, haina herufi R, na barua zote kwa wateja aliziongezea R kwa kalamu, akiwa ametulia kama mtu anayepeta mchele. Kutoka hapo alipanda: simu, wafanyakazi, ghala, mpaka akawa mkuu wa kituo, mwanamke wa kwanza kuamuru madereva wetu. Madereva walinung'unika wiki nzima. Baadaye wakaanza kumwomba awapatanishe na wake zao.

Mwaka wa kipindupindu aliweka ndoo ya maji ya klorini getini na kumzuia mkurugenzi aliyetoka Lubumbashi na suti yake nyeupe. Mkurugenzi alinawa. Daraja la njia ya Sandoa lilipochukuliwa na mto, magari yetu yakakwama ng'ambo, aliwapelekea madereva unga kwa pikipiki, pamoja na onyo kwamba asiuze mtu mafuta ya gari akanunua kuku. Kuku walinunuliwa hata hivyo. Mama Laure alijua, akauliza tu kama walikuwa na pilipili.

Lakini tukimuaga bila kusimulia siku ya changarawe tutakuwa tunamuaga mtu mwingine.

Kituo chetu kimepakana na mtaa wa Kasulo, na Kasulo kila mtu anajua mambo yake: jirani anakusalimia vizuri asubuhi, kumbe usiku kucha alikuwa chini ya kitanda chako anachimba madini ya kobalti. Msimu wa mvua wa 2021 vijiko vilianza kutetemeka ndani ya vikombe pale kantini. Watu wa maombi wakaja, wakaimba, wakala, wakaenda. Vijiko vikaendelea.

Siku moja, saa ya chai, sakafu ya kantini ikapasuka kutoka mlango hadi jikoni, na tangi la dizeli lililo nyuma ya ukuta likainama polepole, kama mzee anayesikiliza. Mama Laure akapiga king'ora. Tulikusanyika mbele ya mizani ya magari, akaita majina, tukaitika wote. Hakukosekana mtu.

Hapo akaingia mbio mtu aliyevaa sapatu za nyumbani na koti zuri. Alikuwa Mulumba, jirani yetu, ambaye vijana wake humwita PDG, yaani mkurugenzi mkuu, maana kila mwenye shimo Kasulo ni PDG. Shimo lake lilianzia chumbani mwake mwenyewe na kufika, kwa maneno yake, «karibu-karibu na kwenu». Alikuwa na vijana sita chini. Kwa bahati upande wa chumbani haukuziba. Walitoka mmoja mmoja, wa kijivu kuanzia nywele hadi kope, wakakaa chini kando ya ukuta. Mulumba akawashika vichwa. Wote sita.

Makao makuu ya Lubumbashi yalikuwa kwenye simu. Amri yao ilikuwa wazi, na haki tuseme haikuwa ya kijinga: tangi lingeanguka, moto ungekula kituo na nyumba za jirani, lori la changarawe lilikuwa tayari, mjaze shimo mara moja. Lori likarudi nyuma mpaka mlangoni mwa kantini, ufa ulipoanzia.

Mama Laure akainua mkono. Ndani ya ufa lilikuwa limejitokeza bomba la chuma la kupelekea hewa. Alichukua spana, akaligonga mara moja, akangoja.

Likagongwa kutoka chini.

Mmoja wa wale vijana wa kijivu alifumbua kinywa kwa mara ya kwanza.

«Usijibu, mama. Sisi tuko bote hapa. Ule si wetu.»

«Ni wa nani?»

«Chini kuko batu benye habana benyewe, habana ndugu. Mufunge tu.»

Papy, dereva wetu tunayemjua sote, mwanaume wa kilo mia moja na zaidi, alianza kumsihi naye: «Mama, tafadhali, bamwage ile changarawe. Mi niko na batoto.»

Fikiria mahali Mama Laure alipokuwa amesimama. Upande mmoja tangi linalolia kwenye misumari yake. Upande mwingine mlio mmoja wa chuma, hauna jina. Wachimbaji wamehesabiwa, wafanyakazi wamehesabiwa, na simu inauliza kwa nini lori bado halijamwaga. Alitoa amri mbili. Ya kwanza, magari mawili yafunge tangi kwa minyororo na kulivuta lisianguke. Ya pili ilituduwaza: majina yaitwe upya, lakini safari hii kila anayeitika aje amshike mkono.

Tukaenda mmoja mmoja, kama watu wa komunyo. Mkono wake ulikuwa baridi. Alipofika kwa Gracien, mtunza ghala la tairi, sauti ikaitika vizuri kabisa: «Présent!»

Mkono haukuja.

Akaita tena. Tulitazamana, na kwa muda mfupi kila mmoja wetu aliamini kwamba sauti ile ilitoka ardhini. Kisha Papy akaanza kulia.

«Ni mi, mama. Niliitikaka tu mu pahali yake. Alisema anaenda kwa munganga wa meno, anarudia sasa hivi.»

Jamani, tusijifanye. Nani kati yetu hakuwahi kumuitikia mwenzake aliyechelewa? Kwetu huo ni udugu. Siku ile udugu ulikuwa umembakiza mtu juu ya ardhi kwa sauti, na mwili wake uko chini.

Ghalani mwa Gracien tulivingirisha tairi kuukuu ambazo hakuna aliyewahi kuziulizia, na nyuma yake kulikuwa na mdomo wa shimo, safi, umechongwa na mtu mwenye subira. Mulumba hakungoja kuombwa. Alivua koti, akawaita vijana wake wale wale walionusurika kufa, naye akatangulia. Juu, minyororo ilikuwa inaimba. Mama Laure alikuwa amekata simu.

Gracien alitolewa kabla jua halijashuka. Alikuwa hai. Mama Laure alimpangusa uso kwa kitenge chake, akamwambia amegonga vizuri, Mungu amsaidie.

«Mi sikugonga, mama,» alisema Gracien. «Mikono yote mbili ilikuwa imezikwa mu bulongo mpaka mabega. Ni ule wa pembeni yangu. Yeye ndiye aligonga.»

Mulumba alirudi chini. Alikuta ukuta wa udongo mzima, ambao jembe halijaugusa. Mama Laure akagonga bomba tena, na tena. Hakujibiwa. Ndipo changarawe ikamwagwa, na sauti yake, waliokuwepo wanaijua, hatutaiandika hapa.

Makao makuu yalimtunuku cheti kizuri ambacho kinaita jambo lile «tukio la kijiolojia». Gracien hakufukuzwa, yuko getini, kwenye saruji nene, na hakai akiwa ameupa ukuta mgongo. Kantini ilihamishwa. Na tangu siku hiyo, kila king'ora kinapolia, hata cha mazoezi, Mama Laure akishamaliza jina la mwisho hafungi orodha. Anangoja, kama pumzi mbili, akiwa amenyoosha mkono wazi.

Wageni huona ajabu. Papy peke yake alithubutu kumuuliza: «Mama, majina imeisha. Unangojea nani tena?»

«Ule wa chini hana mutu wa kumuitikia,» alijibu.

Mama Laure, kwa magari yaliyofika na watu waliorudi nyumbani, asante sana. Tunakuombea uzee wenye meno, wajukuu watiifu kiasi, na sakafu isiyosema kitu. Mrithi wako anajua kupiga king'ora na kuita majina. Ule mkono wazi hajaujaribu bado. Ameomba mmoja wetu asimame karibu naye siku ya kwanza. Tumekubaliana tutasimama wote.