Elinipa Akyoo, Aliyepamba Krismasi za Watu

Mchungaji wetu, wazee wa kanisa, wakwe zetu mliotoka Kikwe, majirani wa Sombetini na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu katikati ya wiki, familia ya Lesian inawaomba msogee na mketi, walio juani wahamie chini ya turubai la pili, ili tuwaeleze kwa kifupi alivyoishi mama yetu, mke wetu na shemeji yetu, ingawa wanaomfahamu msomaji, Yiamat, mdogo wake mume wa marehemu, wanajua kwamba kifupi chake ni kirefu, na marehemu mwenyewe alishamwambia hivyo mbele za watu. Tumeona pia tusifiche jambo ambalo ukoo mzima unalijua, kwamba shemeji aliingia katika nyumba hii kwa ahadi moja tu, nayo ikamchukua miaka ishirini na minane kuitimiza.

Marehemu Elinipa alizaliwa Alhamisi tarehe 14 Machi 1968 katika kijiji cha Kikwe, Meru, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa Mzee Ndesanjo Akyoo na Bibi Catherine, ambao wote wametangulia, akabatizwa tarehe 2 Juni mwaka huo huo, siku ya Pentekoste. Kwao wanasimulia kwamba alipoanza tu kutembea hakwenda kwa mama wala kwa baba, alikwenda moja kwa moja kwenye kitalu cha kahawa akang'oa miche minne, akakemewa, na kesho yake akakutwa anairudisha ardhini, majani chini, mizizi juu.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo kijijini kuanzia mwaka 1976 hadi 1982, akapata kipaimara mwaka 1983, na kwa kuwa hakuchaguliwa kuendelea na sekondari alilia siku mbili, siku ya tatu akaomba jembe. Mwaka 1986 alihudhuria mafunzo ya bustani ya miezi tisa katika kituo kimoja cha kanisa, akamaliza akiwa wa pili, na jambo la kuwa wa pili halikumtoka moyoni, maana aliyekuwa wa kwanza, kwa maelezo yake, alikuwa hajui hata kushika mkasi.

Jumatatu tarehe 2 Februari 1987 aliajiriwa katika Bustani ya Kijito, pale Themi karibu na mto, kwa mama tuliyezoea kumwita Mama Anaeli, na hapo ndipo alipofanya kazi hadi alipostaafu. Wakati wa masika alijaza udongo kwenye viriba vya miche na kuwahudumia wakulima waliofuata miparachichi na migrevilea, kipupwe kilipoingia na baridi ya mlimani ikashuka alifunika miche kwa magunia jioni na kuifunua asubuhi, vuli ilikuwa ya maua, na ikifika Desemba, jamani, hapo hakuwa mtu wa kuonekana. Alikuwa na utaratibu wake wa miti ya Krismasi, kwamba haikatwi, inaoteshwa kwenye ndoo, mteja anaichukua, anaipamba, na Januari anairudisha bustanini ikiwa na kibao chenye jina la familia yake, na ole wako urudishe mti umekauka, maana shemeji angekuuliza mbele ya wateja wengine kama na watoto wako unawanywesha maji mara moja kwa wiki.

Mwaka 1995 ndio uliotuletea yeye, na ulituletea kwa kosa letu wenyewe. Septemba ya mwaka huo mipira ya maji iliibwa bustanini, Mama Anaeli akaagiza iwekwe taa kubwa ya ulinzi, na fundi umeme aliyekwenda kuifunga alikuwa ndugu yetu Yona Lesian, kijana wa Sombetini aliyejiamini kupita kiasi, akaifunga vizuri mno, ikamulika kila kona. Wakati huo Elinipa alikuwa amekabidhiwa vyungu mia tatu vya maua ya Krismasi, yale yanayogeuka mekundu mwisho wa mwaka, vilivyoagizwa na hoteli moja ya mjini, lakini Novemba ikaisha maua yako kijani kama mchicha, yeye akabadilisha samadi, akapunguza maji, akayaombea, wapi. Tarehe 4 Desemba, akizungukia tangi la maji kutafuta ndoo, alikuta vyungu kumi na viwili vilivyosahaulika nyuma yake, kwenye kivuli cha tangi, vimeiva wekundu hadi shina, akasimama pale akatazama vyungu, akatazama nguzo ya taa, akaelewa: ua lile haligeuki mpaka lipate usiku wake kamili, na fundi wetu alikuwa amelinyima usiku kwa miezi miwili na nusu.

Aliagiza aitwe. Yona mwenyewe anakiri kwamba hajawahi, kabla wala baadaye, kusemwa na mtu kwa adabu kiasi kile, alisalimiwa, akakaribishwa kiti, akaelezwa alichofanya, kisha akaulizwa hoteli itapambwa na nini, halafu akaambiwa apande pikapu. Walikwenda juu mlimani kwa mjomba wake Elinipa, ambako kahawa huchelewa kuiva, wakamwomba matawi yaliyokuwa yakatwe wakati wa kupogoa, yakiwa bado na buni nyekundu, mjomba akanuna, akasema tangu azaliwe hajasikia kahawa inapelekwa hotelini bila kukaangwa, halafu akawasaidia kukata. Hoteli ile ilipambwa kwa matawi ya kahawa na ya misaiprasi, vyungu kumi na viwili vikawekwa mlangoni, wageni wakapiga picha, na tangu hapo kila mwaka hoteli iliomba kahawa.

Baada ya hapo Yona alianza kwenda Themi kukagua taa ambayo alikwisha kuing'oa. Wazee wetu walikwenda Kikwe kuposa tarehe 18 Mei 1996, wakapokelewa vizuri, na mambo yalipokuwa yamekwisha mama yetu, Bibi Naipanoi, ambaye tunamshukuru Mungu yupo nasi hapa mbele akiwa na miaka themanini na tisa, shikamoo Mama, alisema hana neno jingine ila moja. Siku ya Krismasi katika nyumba hii nyama inakatwa saa saba mchana, kila mtu anapewa kipande chake kwa mkono wake, kwa hiyo anataka mkwe awe ameketi hapo pamoja na wenzake, si kuletewa wala kuwekewa, na Elinipa akaitikia mbele ya wazee wa pande zote mbili kwamba atakuwepo. Ndoa ilifungwa Jumamosi tarehe 14 Septemba 1996, na Mungu akawajalia watoto wawili, Naipanoi, aliyepewa jina la bibi yake, aliyezaliwa tarehe 7 Aprili 1998, na Efraimu, aliyezaliwa tarehe 19 Novemba 2001, na mama yake akawa juu ya ngazi ya kanisa tarehe 24 Desemba, mtoto yuko chini kwenye kapu la riboni.

Krismasi ya kwanza hakuwepo. Alikuwa amepamba makanisa matatu, benki moja na nyumba za watu hadi mkesha, na siku yenyewe akaitwa hotelini maana shada lilikuwa limeanguka juu ya keki, akafika hapa saa kumi na mbili jioni, nyama imepoa, akapiga magoti mbele ya mama mkwe akasema, mwakani, Mama. Mwaka uliofuata ilikuwa mwakani, na uliofuata, tukafika mahali watoto wakawa wanamwigiza, na sisi mashemeji zake tukamwita Mama Mwakani, akacheka nasi, lakini tusidanganyane, jambo lile lilimuuma, na Bibi lilimuuma zaidi. Nusu ya nyumba za mji huu zilipambwa kwa mikono yake, ila hii ya kwake haikuwahi kuwekwa hata puto, na miaka ya karibuni Bibi aliacha kabisa kuuliza kama mkwe atakuja, na ukimya huo, Elinipa alimwambia mumewe, ulikuwa mzito kuliko maneno.

Mwezi Machi 2023 miguu yake ilianza kuvimba, akaificha ndani ya gambuti za kazini, hadi tarehe 11 Agosti madaktari walipompima na kumweleza kwamba moyo umepanuka, apumzike, asipande ngazi. Mwaka huo aliahidi tena, na Jumatatu ile ya Krismasi alikuwa amekwisha kuvaa gauni la kuja kuketi, simu ikapigwa, akaenda mara moja tu, akaanguka akiwa amekumbatia mti wa altareni, akala Krismasi hospitalini kwa mpira wa dripu. Daktari alimwambia Yona bila kuzunguka kwamba Krismasi zilizobaki zinaweza kuhesabika kwa vidole, na huenda vidole vyenyewe visifike viwili.

Ndipo alipoanza kujiandaa kama mtu anayeandaa kitalu, akatumia mwaka mzima kuwafundisha wenzake, akiwatanguliza Elifuraha na Tabea, na Jumamosi tarehe 30 Novemba 2024 akakabidhi mkasi na kuagwa rasmi. Lakini saa tano asubuhi ya Jumatano tarehe 25 Desemba simu ililia, alikuwa Elifuraha, mti wa kanisani umeinama na ibada ya pili inaingia, na sisi tuliokuwa sebuleni tuliona Elinipa anatazama viatu vyake, Yona anatazama ukuta, Bibi anatazama mikono yake mwenyewe. Elinipa akabaki kwenye kiti, akamwelekeza Elifuraha kwa simu, weka mawe upande wa mlima, kaza kamba kwenye nguzo, usiguse nyota, kisha akazima simu kabisa, akampa Bibi aishike.

Saa saba alipewa kipande chake mkononi, kikiwa cha moto, na Bibi akamuuliza kama amesahau kutafuna, maana alikuwa analia. Jioni Naipanoi alitaka kuingiza mti ndani, Bibi akahoji kama mti ni ng'ombe hadi ulale ndani na watu, tukacheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Mwaka huu wote Elinipa alikuwa mtu mwenye furaha, alikaa kibarazani na mama mkwe wakichambua maharage na kubishana, hadi afya ilipodhoofika mwishoni mwa Septemba, na Alhamisi tarehe 9 Oktoba 2025, saa nne asubuhi, akiwa hospitalini na mume wake amemshika mkono, akapumzika, akiwa na umri wa miaka hamsini na saba, miezi sita na siku ishirini na tano. Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu wawili, na miti ya Krismasi mia moja na arobaini yenye majina ya watu.

Familia inawashukuru kwa dhati madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka na waliovumilia kurekebishiwa maua ya dirishani, majirani mliolala nasi na kutupikia, usharika na kwaya, Mama Anaeli aliyempa ruhusa kila alipougua, pamoja na wafanyakazi wenzake wote wa Bustani ya Kijito, ambao tumewaona mmesimama kule nyuma na sare zenu.

Na ninyi wa bustani ndio Bibi ametuagiza tuwasemee, kwa maneno yake, kwamba ahadi ile aliyoidai ilitimizwa mbele ya macho yake, na kwamba yeye ndiye aliyekosea kwa kushikilia saa badala ya mtu. Kwa hiyo Krismasi hii nyama ya nyumba hii haitakatwa saa saba, itakatwa mtakapomaliza kupamba, hata ikiwa jioni, hata ikiwa kesho yake, mje wote na mikono yenye gundi hivyo hivyo, kila mmoja atapewa chake mkononi, na Bibi atakuwa ameketi anawasubiri.

Mama Naipanoi, shemeji yetu, pumzika kwa amani.