Uzi wa Mita Moja

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Leo tunamkumbuka fundi wa mashine za kukunja uzi, aliyezikwa Jumanne iliyopita. Kiwandani walimwita Mzee Uwiano: wenzake kwa heshima, wasimamizi kwa kejeli. Shule aliishia darasa la nne. Hesabu alijifunza mwenyewe, kwenye vitabu vilivyochakaa, akila chakula cha mchana amesimama.

Binti yake wa pekee alikuwa na miaka kumi na mitatu alipofanya mtihani wa kuingia sekondari. Swali moja lilihusu mbio. Wakimbiaji wawili wanashindana mita mia moja. Wa kwanza anapofika, wa pili yuko mita tisini. Wanarudia kwa kasi zilezile, ila sasa wa kwanza anaanza mita kumi nyuma ya mstari. Nani atashinda, na kwa mita ngapi?

Binti aliandika: wa kwanza, kwa mita moja. Kitabu cha majibu kilichotolewa na ofisi ya mitihani kilisema: watafika pamoja. Akakosa nafasi kwa alama moja. Narudia, wasikilizaji. Kwa alama moja.

Baba alikwenda ofisini amevaa shati lake la harusi. Afisa akamweleza polepole, kama anayembembeleza mtoto, kwamba kumi alizoshinda mwanzo na kumi alizorudishwa nyuma zinafutana. Mzee akamjibu: "Hazifutani, bwana. Huyu sasa anakimbia mia na kumi. Kwa kila kumi zake, mwenzake anapata tisa. Mia na kumi kwa tisini na tisa. Inabaki moja."

Afisa akatazama saa yake.

Basi mzee akarudi kwenye mashine zake. Alikuwa nazo mbili kuukuu, moja ikikunja mita kumi wakati jirani yake inakunja tisa. Akapima uzi mwekundu, mia na kumi huku, mia moja kule, akaziwasha pamoja. Wenzake waliacha kazi wakaja kutazama. Ya kwanza ilipomaliza, ya pili ilikuwa imebakiza mita moja. Akaukata uzi ule, akautia katika bahasha, akaupeleka posta. Msimamizi akampa barua ya onyo.

Tangu hapo, kila mwaka, siku ya kutangazwa matokeo, ofisi ile ilipokea mita moja ya uzi mwekundu. Miaka kumi na tisa. Walijibu mara moja tu, mwaka wa saba, wakimtaka aache kuwatumia takataka. Mjane wake anakumbuka: "Aliicheka ile barua mpaka kikohozi kikamkaba."

Kikohozi hicho ndicho kilichomwondoa. Vumbi la pamba, miaka thelathini, na hakupewa hata kitambaa cha kufunika pua. Katika kiwanda cha nguo, wasikilizaji.

Binti naye anafanya kazi humo, kwenye mashine zilezile. Mwezi uliopita mwanawe alirudi kutoka shuleni na kitabu cha hesabu, chapa mpya. Swali ni lile la mbio. Jibu, ukurasa wa nyuma: wa kwanza, kwa mita moja. Hakuna maelezo. Hakuna samahani. Babu alikuwa kitandani, akaomba asomewe mara tatu. Binti anasema hakufurahi hata kidogo. Aligeukia ukutani, akasema: "Kumbe walijua. Wakanyamaza."

Tunatoa pole kwa mjane, kwa binti, kwa mjukuu, na kwa wenzake wa zamu ya asubuhi. Na wewe unayesikiliza ukiwa na kalamu nyekundu mkononi, kabla hujachora mkasi wa kosa, fanya hesabu hiyo mwenyewe. Nyuma ya karatasi hiyo kuna mtu.

Matokeo ya mwaka huu yametangazwa leo. Binti alipita posta kabla ya kuingia kazini. Karani wa dirishani alipima bahasha, akamwuliza kama kweli kuna kitu ndani.

"Kimo," alisema. "Mita moja."