Doreen Hathersage na Picha Iliyotikisika

Dada yetu Doreen Hathersage alizaliwa tarehe 14 Machi 1941 mjini Grimsby, mtoto wa kwanza wa marehemu Wilfred, muuza samaki, na marehemu Edna. Mimi Maureen nilimfuata. Kwenye picha ya ubatizo wake sote tunamwona mchungaji anaomba, na Doreen katoa ulimi.

Alisoma shule ya wasichana hapa hapa mjini hadi mwaka 1956. Picha ya darasa ilirudiwa, kila mara Doreen kakunja uso, mpaka mpiga picha akaishiwa filamu. Mama alimchapa, kisha akasema sikio la kufa halisikii dawa.

Mwaka 1958 alianza kuchekesha watu katika ukumbi uliojengwa juu ya gati la bahari, mji jirani wa Cleethorpes, akijitungia vichekesho kwenye karatasi za kufungia samaki. Redio ikamwita, kisha televisheni. Mji ukamjivunia, ukaagiza achorwe.

"Mama, tulia basi kidogo tu," mchoraji alimsihi.

"Mbona nimetulia, baba? Ni huu uso ndio mtukutu."

Ndiyo maana mpaka leo, ukutani mwa ukumbi wa baraza la mji, katikati ya mameya walionuna, yupo mama mmoja mwenye makengeza. Hakuwa na makengeza.

Mwaka 1969 alifunga ndoa na Clifford, fundi wa taa za jukwaani. Picha za harusi zote kavimbisha mashavu. Shemeji yangu alicheka, lakini jambo hilo lilimkaa moyoni.

"Vituko vyako ninavyo tele, Doreen. Uso wako sina. Ukinitangulia nitaweka nini mezani nikukumbuke?"

"Weka birika la chai. Tunafanana."

Januari 2019 madaktari walimkuta na saratani ya kongosho. Clifford hakuthubutu kuomba picha tena. Tarehe 2 Juni, hospitalini, Doreen aliniambia nimchane nywele.

"Haya, Cliff. Lete hiyo kamera kabla sijaghairi."

Akatulia. Uso mtupu, mzuri, hata mimi nilikuwa nimeusahau. Clifford akamtazama kupitia kamera, mabega yakaanza kumcheza.

"Wewe, unacheka nini?"

"Mke wangu, hujawahi kunichekesha hivi!"

Akabonyeza huku machozi yanamtoka. Doreen alifariki alfajiri ya tarehe 4.

Ameacha mume, Clifford; binti, Gillian; mjukuu, Rowan; na mimi, ninayemlilia. Picha iliyo mbele ya kijitabu hiki ina ukungu, lakini msimlaumu mpiga chapa. Aliyetikisika ni Clifford. Doreen alitulia kabisa, na tunamwomba Mungu amtulize hivyo hivyo, kwa amani.