Bwana Nyama Ambindwile na Darubini ya Bei Rahisi

Tarehe 30 Juni 1998, Mzee Ambindwile Mwaisaka, askari wa wanyamapori wa wilaya yetu ya Rungwe, anakabidhi bunduki ya serikali baada ya miaka thelathini ya utumishi. Ninyi mnaomwita Bwana Nyama mjue jambo moja leo: aliyemfundisha kulenga shabaha ya mbali ni mimi, Enosi, tarishi mstaafu wa ofisi hiyo hiyo.

Haya, nimewadanganya. Bunduki sijaifyatua hata siku moja, na ikilia huwa naziba masikio. Kazi yangu ilikuwa kubeba mto wa kulalia. Kamati ya sherehe hii ya kumuaga imeniomba nisiandike habari za mto, nami nimewaitikia vizuri sana.

Ambindwile aliajiriwa 1968, akapewa shotigani, bunduki ya kupiga karibu, baiskeli na kofia iliyomfika kwenye nyusi. Alifukuza nguruwe pori mashambani Ikuti. Alimfukuza pia chui mmoja ambaye hakuna aliyemwona ila yeye. Jumapili huimba besi kwaya ya kanisani, na besi yake hufika mwisho wa wimbo mapema, ikawasubiri wenzake.

Basi ukafika mwaka 1993. Biashara ilikuwa imefunguliwa, sabuni zimerudi madukani, redio zinapiga kelele kila kibanda. Lakini mlango ule ule ulioingiza bidhaa ulikuwa unatoa watu makazini. Kila ofisi ilikuwa inapunguza watumishi, na sisi tulianza kufika kazini mapema kuliko jogoo ili tuonekane tuna kazi.

Hapo ndipo nyani wa kijiji cha Suma walipochagua kumharibia mwenzetu. Mama Tupokigwe, mjane, ana shamba la mahindi ukingoni mwa korongo. Nyani walikuwa wanavuna, wanavuka korongo, wanakaa upande wa pili na kula huku wanamtazama Ambindwile. Walijua shotigani inakoishia kama sisi tunavyojua mpaka wa shamba la jirani.

Mama Tupokigwe akaja ofisini na kikapu cha magunzi, akayamwaga mezani kwa mkubwa wetu. "Huyu Bwana Nyama wenu ni wa nyama gani? Nyani wanamngoja kama mgeni wa arusi!"

Mkubwa hakucheka. Alimwambia Ambindwile kwamba mahindi yale yakikauka nyani bado wapo, jina lake litakwenda pamoja na wanaopunguzwa. Bunduki ya kupiga mbali ilikuwepo stoo, apewe. Darubini ya kuweka juu yake haikuwepo, atafute mwenyewe. Na mwenzetu alikuwa na watoto wanne shuleni.

Tukaenda kwa Meshaki, mfanyabiashara wa pale sokoni Tukuyu, aliyekuwa analeta vitu kutoka Tunduma: saa, tochi, chupa za chai, na darubini za bunduki ndani ya maboksi. Meshaki akamtolea moja ndefu kama bomba la maji, ina maandishi ya dhahabu. "Hii, mzee, nyani akiwa Malawi unamhesabia chawa." Na bei yake ilikuwa ya kumpa rafiki. Ambindwile akaibeba kama mtoto mchanga.

Jamani, ile darubini ya bomba! Ilivuta vitu karibu mno hadi mkono ukitetemeka kidogo, mlima wote unacheza ngoma. Ukimtafuta nyani unaona jani moja, tena jani la shamba lisilo lako. Na ilitaka jicho liisogelee sana, kwa hiyo bunduki ilipolia ikambusu usoni. Jumapili aliimba besi na duara jekundu juu ya jicho, na mchungaji akakosa mstari.

Kisha mvua zetu zikaingia ndani ya kioo, kukawa ukungu. Sasa mnajua huku kwetu kitu kikilowa kinapelekwa wapi. Mbegu, viatu, hata Biblia, vyote juu ya mafiga, darini. Ambindwile akailaza darubini katikati ya mahindi ya mbegu, moshi uikaushe. Siku ya tatu aliishusha ina rangi ya samaki wa kubanika, gundi imeyeyuka, na ule msalaba mdogo wa kulengea umelala chini kama mlevi. Mama Tupokigwe alipoiona alisema, "Nyama ya kukaushwa tunaijua. Jicho la kukaushwa ndiyo kwanza!"

Mwingine angekata tamaa. Yeye alirudi kwa Meshaki akiwa na akili mpya, akaomba beseni la maji. Alichukua darubini fupi za bei ya chini, zisizo na dhahabu, akazizamisha moja moja. Iliyotoa mapovu aliirudisha. Meshaki akapiga yowe: "Mzee, unabatiza mali yangu!" Ambindwile akamjibu kwamba zisizookoka azibakize. Iliyopona aliitazamia jioni, giza linaingia, kama bado inaona. Akapima jicho likae mbali nayo vidole vinne, lisibusiwe tena. Halafu akaifunga mezani kwa kamba, akalenga kengele ya kanisa, akazungusha vifundo vyake vya kurekebishia shabaha kwenda na kurudi, mara nyingi, kuona kama msalaba unarudi kwenye kengele ile ile. Moja tu ilirudi. Ilikuwa mbaya kwa sura kuliko zote, na ndiyo aliyoinunua.

Kujifunza nako kulitufurahisha. Risasi za serikali zilikuwa chache, kwa hiyo alilala kifudifudi ukingoni mwa korongo, bunduki tupu juu ya mto wangu wa sufi, anafyatua na kusema "paa!" kwa mdomo. Watoto wa Suma wakamwimbia. Risasi za kweli alianza nazo karibu, kwenye ubao, kisha akausogeza mbali, na mbali zaidi, na kila mara mimi ndiye niliyeshuka korongo kwenda kutazama tundu.

Mahindi yalipoanza kukauka, mkubwa akaja mwenyewe. Dume la nyani lilikuwa limekaa juu ya kisiki, ng'ambo, gunzi mkononi. Ambindwile akafyatua. Kisiki kikapasuka. Mkubwa akatazama saa yake. Ambindwile akazungusha kifundo kidogo tu. Lile dume likakimbia hadi kilimani, likasimama, likageuka kututazama kwa dharau yake ya siku zote, maana huko hakuna kitu kilichowahi kulifikia.

Siku ile kilifika.

Nyani waliobaki hawakurudi msimu ule. Mama Tupokigwe alivuna, akatuletea makande sufuria zima, na jina la Ambindwile halikwenda popote. Watoto wake wote wamemaliza shule. Hata hivyo mpaka leo anasema risasi ya kwanza alikilenga kisiki makusudi.

Ndaga fijo, asante sana, Ambindwile, kwa mashamba uliyotulindia. Ule ndizi zako kwa utulivu, na besi yako ijifunze kufika pamoja na wenzake.

Ila mto wangu. Uliuazima kwa wiki moja, ukasema bunduki imeuzoea. Leo bunduki inarudi stoo, nayo haina shingo ya kuuma. Mimi ninayo. Niletee Jumapili baada ya ibada, hata kama unanuka baruti. Nitaulalia hivyo hivyo.