Nehemia Kasongo na Wimbi Alilolisubiri

Ndugu waombolezaji, tunawaletea kwa kifupi maisha ya mpendwa wetu, Dk. Nehemia Meshack Kasongo, aliyezaliwa Bangwe tarehe 14 Machi 1978, mtoto wa pili wa marehemu Mzee Meshack, fundi wa injini za boti, na Bi. Siwema, ambaye tupo naye hapa.

Alisoma shule ya msingi Bangwe, 1986 hadi 1992, sekondari hapa Kigoma, akahitimu fizikia Dar es Salaam mwaka 2003 na shahada ya uzamivu Afrika Kusini mwaka 2009, ambako alibaki na watafiti wanaopima pulsa, yaani nyota zilizokufa zinazozunguka na kutuma mipigo ya redio kwa mpangilio kama saa, wakitafuta mawimbi ya mvutano, yaani mitikisiko ya anga itokanayo na mizunguko ya vitu vizito mno, ambayo yakipita huwahisha mipigo ya nyota hizi na kuchelewesha ya zile, kwa kiasi kidogo mno, hivyo kazi hiyo hudai miaka mingi.

Tarehe 21 Agosti 2010 alifunga ndoa na Veneranda Gasper, wakajaliwa watoto wawili, Winfrida na Christian.

Desemba 2017 alikuja likizo akiamini wimbi limeonekana, mama yake akachinja mbuzi, majirani wakala, lakini Januari aligundua kuwa nyota zote zilikuwa zimechelewa sawasawa, jambo ambalo wimbi halifanyi, kumbe kosa lilikuwa la saa ya kituo chao cha utafiti, akaiondoa mwenyewe taarifa aliyokuwa ameituma kabla hajaulizwa, na alipokuja tena vijana wa soko la Mwanga wakamwita Profesa Saa Mbovu, akacheka nao, ila nyumbani hakugusa chakula siku ile.

Februari 2024 alipatikana na saratani ya kongosho, akaomba arudishwe kwao, na wiki za mwisho Bi. Siwema alimsihi akubali historia hii iseme aliligundua wimbi, maana wenzake walishaanza kuona dalili zake, naye akamjibu taratibu, "Dalili si uthibitisho, mama, usiniaibishe wakati sitakuwepo kusahihisha."

Alifariki hospitalini, hapa Kigoma, tarehe 9 Juni 2025.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Bangwe mliolala nasi msibani, na wenzake wa kituoni, walioandika kwamba vipimo vyake vinaendelea kutumika, na kwamba uhakika bado haujapatikana.

Bi. Siwema ameridhia, kwa hiyo familia inatamka kama marehemu alivyotaka, kwamba Nehemia hakuliona wimbi.

Mwanetu, lala kwa amani.